Usiku Ugande, Mchana Uyeyuke: Kugema Mepo Nyumbani

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wa familia zinazozungumza Kiswahili hapa Burlington, Vermont, majira ya baridi yakikaribia kwisha. Wengi mlikuwa zamu kazini, wengine barabara ziliwazuia. Naiweka nzima kama nilivyoisema, isipokuwa picha nilizoonyesha ukutani.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Assalaam alaykum, Bwana asifiwe, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema, mambo vipi?

Nilipokuwa naingia hapa, mama mmoja alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, watu wana bili za umeme, wana makaratasi ya uhamiaji, nawe unakuja kutuhubiria miti?" Mama, nimekusikia, wala sibishani nawe. Nakuuliza swali tu. Katika miezi yote ya nchi hii, ni upi unaokuchosha roho kuliko mingine? Januari? Januari tumeshaizoea, tunajifunika tunalala. Mimi nasema ni Machi. Usiku barafu, mchana matope. Alfajiri unakwangua kioo cha gari vidole vimekufa ganzi, saa nane mchana kiatu kimezama uani mpaka kwenye kifundo. Sasa sikia, mama yangu: wiki hizo hizo unazozichukia ndizo hasa katika mwaka mzima ambazo mti wa mepo, ule Waingereza wanaouita maple, hutoa maji yake matamu, yale yanayochemshwa mpaka yakawa shira. Usiku ugande, mchana uyeyuke. Semeni nami: usiku ugande, mchana uyeyuke. Vijana wa mlangoni sijawasikia. Usiku ugande...? Ahsanteni.

Wangapi kati yenu mna mepo uani, au mbele ya nyumba mnayopanga? Inueni mikono. Naona mikono michache. Mko wengi zaidi ya hapo, ila mti hamjaujua. Oktoba mlifagia majani yake mkayatia kwenye mifuko, mengine mekundu, mengine ya rangi ya machungwa, lile jani lililoko kwenye bendera ya Kanada. Ndio huo huo.

Jambo la kwanza ninalotaka kuwaambia: hii si kazi ngeni kwetu.

Mimi nimekulia pwani, upande wa Kilifi. Mgema wetu alipita alfajiri, kotama kiunoni na kibuyu begani, akapanda mnazi kwa vile vidato vilivyochongwa kwenye shina. Kule juu alilifunga karara changa lisifunguke, akakata ncha yake kidogo tu, ubale mwembamba, kisha akatundika kibuyu. Baadaye alirudi akakata ubale mwingine, na jioni akarudi tena. Asipokata, jeraha linaziba na mnazi unanyamaza. Sisi watoto tulimsubiri chini, maana tembo lililotoka punde, kabla halijachachuka, ni tamu, na kila mtoto alipewa funda moja. Bibi yangu alikuwa akilichemsha lile tamu mpaka likawa asali ya tembo, ikawekwa kwenye chupa, ikaliwa na mkate wa kumimina.

Ndugu zangu wa Kongo, nani hapa haujui mchikichi? Watu wa Iringa na Njombe, mmeshausahau ulanzi, mwanzi mchanga unavyokatwa ncha wakati wa mvua na mbeta ikafungwa kuyakinga maji yake? Basi kwa nini tukimwona jirani Mmarekani ametundika ndoo kwenye mti tunapita mbali, kana kwamba anafanya uganga? Anagema! Huyo ni mgema mwenzetu, ila yeye amevaa koti zito na hapandi juu.

Tofauti zipo, na hizo ndizo za kujifunza. Mnazi unakupa mwaka mzima. Mepo inakupa wiki nne, labda sita, kati ya Februari na Aprili, na hata ndani ya wiki hizo kuna siku haitoi tone. Mnazi unataka kukatwa kila siku, mepo inatobolewa mara moja kwa msimu mzima. Halafu utamu wenyewe. Tembo bichi lina utamu mkali. Maji ya mepo ukiyaonja kwenye ndoo utadhani umetaniwa: meupe, baridi, na utamu wake unatokea mbali sana, mwishoni, ukishameza. Sukari iliyomo ni kama asilimia 2. Mkitaka kuipima kwa chai, kikombe kimoja cha maji ya mepo kina sukari ya kijiko kimoja kidogo. Najua humu kuna wazee kijiko kimoja kwao ni matusi.

Kwa nini lazima kugande na kuyeyuka? Kiangazi majani yalitengeneza sukari, mti ukaiweka akiba ndani ya mbao kama wanga. Majira ya baridi yakielekea mwisho, wanga ule unageuka tena kuwa sukari. Mbao ya mepo ina jambo lake: nyuzi zake nyingi ndani zina hewa, hazina maji. Usiku ukiganda, hewa ile inasinyaa, barafu inajijenga ndani ya mbao, na mti unavuta maji kutoka kwenye mizizi kupanda juu. Mchana jua likipiga, barafu inayeyuka, hewa inatanuka, na mti mzima unakuwa na msukumo. Maji yakipata upenyo, yatatoka. Tawi lililovunjika likidondosha maji mchana wa Machi, na usiku likaning'inia kijiti cha barafu, vunja kijiti hicho umpe mtoto akilambe. Kitamu.

Kwa hiyo usiku ukikataa kuganda, mti haujivuti maji mapya. Mchana ukikataa kuyeyuka, maji yamefungwa ndani. Vyote viwili vinahitajika. Tazameni utabiri kwenye simu zenu: usiku nyuzi 25 za Farenhaiti, mchana nyuzi 40 na jua, hiyo ndiyo siku ya ndoo kujaa. Wiki nzima ikiwa chini ya 32, usiku na mchana, kaa ndani unywe chai. Nayo joto likija moja kwa moja, vitumba vya majani vikaanza kuvimba, maji yanapata ladha mbaya na msimu umekwisha. Hakuna kubembeleza.

Jambo la pili: mti huu una wenyewe. Hapa nitakaa kidogo, mniwie radhi, kwa sababu historia yake ndiyo iliyonifanya niupende kabla sijauonja.

Ardhi tuliyokaa ni ya Waabenaki, wenyeji wa asili wa huku. Wao, na Wahaudenosaunee upande wa New York, na Waanishinaabe kwenye yale Maziwa Makuu, walikuwa wakigema mepo kabla Mzungu hajatia mguu huku. Walichota maji kwenye vyombo vya magome ya miti, wakayachemsha kwa kutumbukiza mawe yaliyopashwa moto. Wengine waliyaacha yagande usiku, asubuhi wakatupa barafu iliyojiunda juu, kwa kuwa barafu ile karibu yote ni maji matupu na sukari inabaki chini. Mnaona akili hiyo? Ukikuta ndoo yako ina barafu juu, nawe itupe, umeokoa kuni. Waliendelea kuchemsha mpaka ikawa sukari kavu, maana sukari kavu inabebeka na haiozi.

Waabenaki wana hadithi juu ya kwa nini maji ya mepo ni mepesi hivi. Wanasema zamani mti ulikuwa ukitoa shira nzito, tayari kuliwa. Gluskabe, yule wa hadithi zao mwenye nguvu za ajabu, alifika kijijini akakuta kimya. Moto umezimika, mashamba yameota majani. Akawatafuta watu, akawakuta msituni wamelala chali chini ya mepo, vinywa wazi, shira inawadondokea. Gluskabe akachota maji mtoni, akapanda juu ya miti, akaimiminia maji mpaka shira ikawa nyepesi. Akawaambia kuanzia leo mtachota, mtatafuta kuni, mtachemsha, na itakuwa msimu mmoja tu kwa mwaka. Mama mmoja hapo mbele anamtazama mwanawe wa kiume. Mama, sijasema neno.

Sasa sikilizeni upande mwingine wa historia. Mwaka 1791, huko Philadelphia, kulikuwa na daktari anaitwa Benjamin Rush, mmoja wa waliotia saini Azimio la Uhuru la Marekani. Aliandika maelezo marefu juu ya mti wa mepo kwa njia ya barua kwa Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Hoja yake ilikuwa hii: sukari ya miwa kutoka visiwa vya Karibi inatengenezwa kwa damu ya watumwa Waafrika. Mepo inagemwa na familia yenyewe, baba, mama na watoto, wiki chache kwa mwaka, bila mtumwa. Watu wakila sukari ya mepo, ile ya utumwa itakosa wanunuzi. Hayo yalisemwa wakati meli za watumwa bado zinavuka bahari.

Jefferson akaipenda hoja. Mwaka huo huo akaagiza miche ya mepo, ikapandwa kwake Monticello, Virginia. Mingi haikufaulu. Na huyu aliyependa sukari isiyo na utumwa, yeye mwenyewe katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600. Niseme nini tena hapo?

Lakini tusicheke upande mmoja. Kwetu pia, bonde la mto Pangani katika karne ya 19 lilijaa mashamba ya miwa, na waliokata miwa ile walikuwa watumwa. Abushiri bin Salim, yule tunayemsoma shuleni kwa kupigana na Wajerumani mwaka 1888, alikuwa na shamba la miwa huko. Wengine humu ndani wazee wetu walipita njia hiyo, wakitembezwa kutoka bara kwenda pwani. Wabantu wa Somalia mlioko hapa mnaijua habari hii kuliko mimi. Miwa imetupitia vibaya. Sukari ya mepo haijawahi kutudai kitu hicho, na kwangu mimi hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kutoboa mti.

Haya, tuache vitabu. Jambo la tatu: kazi yenyewe inafanywaje?

Kwanza mti. Ulio bora ni mepo ya sukari, lakini mepo nyekundu na ya fedha zinagemwa pia, utamu tu unapungua kidogo. Wakati huu hauna majani, basi utaujuaje? Tazama vitawi. Mepo huota vitawi viwili viwili, kimoja huku na kingine huku, vikikabiliana mahali pamoja kwenye tawi. Miti mingi haifanyi hivyo. Kisha tazama kitumba mwisho wa kitawi: cha mepo ya sukari ni cha kahawia na kina ncha kali. Kama huna hakika, subiri Oktoba, lione jani, funga utepe kwenye shina, utarudi Februari. Mti uwe umekomaa: upana wa inchi 12, yaani kamba ya fundi cherehani ikizunguka shina isome kama inchi 38. Chini ya hapo huo bado ni mtoto, uache.

Pili ruhusa. Wengi wetu tunapanga. Mti uani ni wa mwenye nyumba, mti wa kando ya barabara mara nyingi ni wa mji. Kuna kijana wetu mmoja alitaka kugema kwa jirani yake, mzee wa Kivermonti asiyesalimia mtu. Miaka miwili walikuwa wanapungiana mkono tu. Kijana akagonga mlango, akaeleza. Yule mzee akamtazama weee, kisha akaingia ndani. Kijana akadhani amefukuzwa. Mzee akatoka na mirija ya chuma ya marehemu baba yake na drili, akamwonyesha mti wa kuanzia na wa kuuacha. Mwisho wa msimu kijana akampelekea chupa ya shira, ndiyo desturi ya huku, mwenye mti hapewi pesa, anapewa chupa. Sasa yule mzee ndiye anayemtunzia kijana paka wake akisafiri.

Tatu, kutoboa. Drili ya kawaida, biti safi ya inchi 5/16, ndio ukubwa wa mirija inayouzwa siku hizi. Toboa usawa wa kiuno, ukielekeza drili juu kidogo ili maji yashuke yenyewe, kina cha inchi moja na nusu. Tazama maranda yanayotoka. Yakiwa meupe, uko kwenye mbao hai. Yakiwa ya kahawia, hapo mbao imekufa, haitoi kitu. Weka mrija, ugongegonge taratibu kwa nyundo mpaka sauti ibadilike, basi. Ukiupiga kwa hasira utapasua mbao na maji yatavuja pembeni. Tundika ndoo safi yenye mfuniko, ya plastiki ya vyakula. Zile ndoo za mabati za kale mnazoziona kwenye masoko ya vitu vikuukuu, nzuri kwa kupambia, ziacheni: nyingi zimeungwa kwa madini ya risasi, na risasi inaingia kwenye maji, kisha kwenye mtoto.

Maji ya mepo yatunzeni mnavyotunza maziwa. Yanaharibika. Yawekwe kwenye baridi, ndoo ichomekwe kwenye theluji upande wa kivuli, na yachemshwe ndani ya siku chache. Yakianza kuwa na ukungu ukungu, yanageuka.

Na sasa kuchemsha. Mama zangu, hapa ndipo ninyi walimu. Lita 40 za maji zinatoa lita moja ya shira. Narudia. Lita 40 zinatoa lita moja. Swali: zile lita 39 zinakwenda wapi? Zinakuwa mvuke. Kuna familia moja, sitaitaja, naona wameshaanza kucheka, walichemsha jikoni kwenye fleti, ghorofa ya tatu. Madirisha wameyafunga kwa sababu ya baridi. Saa tano baadaye dari inadondosha maji, rangi ya ukuta imeanza kubanduka, alamu ya moshi inalia, na jirani wa chini amepanda kuuliza kama bomba limepasuka. Shira waliipata, nusu kikombe. Basi chemsheni nje! Matofali machache ya saruji, moto wa kuni kavu, sinia pana la chuma cha pua lisilo na kina kirefu, maana mvuke unatoka juu, kwa hiyo upana ndio unaoharakisha. Msichome mbao zenye rangi au dawa. Msiruhusu maji yapungue chini ya vidole viwili kwenye sinia, yataungua na harufu haitoki. Yakipungua ongeza mengine polepole.

Povu litapanda. Wazungu hutia tone la siagi, povu linatulia papo hapo. Wa zamani walikuwa wakining'iniza kipande cha mafuta ya nguruwe juu ya sinia. Kwa hiyo wenzangu Waislamu, mkinunua shira kwa mkulima wa kienyeji, si vibaya kumuuliza kwa adabu anatuliza povu kwa kitu gani. Ya kwako unajua umetia nini.

Maji yakishabadilika rangi na kuwa kidogo, yahamishie jikoni kwenye sufuria, hapo ndipo kipimajoto kinapotakiwa. Kwanza pima maji ya kawaida yanachemkia wapi siku hiyo. Shira iko tayari ikipita hapo kwa nyuzi 7 za Farenhaiti, ambazo ni nyuzi 4 za Selsiasi. Huna kipimajoto? Aliyepika shira ya kaimati maisha yake yote anahitaji kipimajoto cha nini? Chovya kijiko, kiinue. Matone yakikimbilia kila moja kivyake, bado. Yakiungana yakaning'inia ukingoni kwa pamoja, epua. Ukiiwahi itaota ukungu kwenye chupa, ukiichelewesha itaganda chembechembe za sukari. Ichuje ingali moto kwa kitambaa kizito, maana ina mchanga mchanga, ni madini ya mti tu, hayana madhara lakini yanakera ulimi. Itie kwenye chupa ingali moto, funga. Ukishaifungua, iweke kwenye friji.

Rangi isiwatie wasiwasi. Ya mwanzo wa msimu ni ya dhahabu na ladha yake ni laini. Ya mwisho ni nyeusi na ina ladha nzito. Dukani zote zinaandikwa daraja A, tofauti ni rangi na nguvu ya ladha. Mimi napenda ya mwisho. Miaka hii Ramadhani imeangukia msimu wenyewe wa mepo, na kaimati zilizozungushwa kwenye shira nyeusi ya mepo, wallahi, nimeona watu wawili wakigombea ya mwisho kabla ya sala ya magharibi kwisha. Wenyeji wa hapa nao wana mtindo wao: wanaimwaga ya moto juu ya theluji inakuwa kama ubani wa kutafuna, wanaila na donati na, mniamini, tango la achari. Nimejaribu. Tango lile lina kazi yake.

Na wenye sukari ya kupanda, tafadhali. Shira ya mepo ni sukari, theluthi mbili nzima. Atakayekuuzia kama dawa anakudanganya.

La mwisho, na hili ni fupi: tusiwe na tamaa.

Mti mmoja, tobo moja. Mti mnene sana, mawili, basi. Tobo moja kwa msimu mzuri linakupa kama lita 40, yaani lita moja ya shira. Unapotoboa, mti unajifunga kuzunguka jeraha, na mbao iliyo juu na chini ya tobo inakufa, haitapitisha maji tena. Mwakani sogea pembeni, usirudi kwenye mstari ule ule. Msimu ukiisha ng'oa mrija, usizibe tobo kwa kitu chochote, mti utajiziba wenyewe. Mti unaotunzwa hivi unagemwa miaka mingi, na kuna mepo zinazogemwa na wajukuu wa waliozianza.

Na msifanye hesabu za utajiri. Vermont inaongoza Marekani nzima kwa shira ya mepo, na mkoa wa Quebec, hapo juu mpakani, unatoa sehemu kubwa ya shira ya dunia. Wenye kazi hiyo wana mabomba ya plastiki msitu mzima, pampu za kuvuta, mitambo ya kuchuja maji kabla ya kuchemsha. Wewe na ndoo tatu hamtashindana nao, na gesi utakayochoma itakula faida. Gema ule, gema ugawe.

Tamaa ikiingia hata huko Quebec mambo huharibika. Wazalishaji wao wana ghala la akiba, mapipa kwa maelfu, kwa ajili ya miaka mibaya. Mwaka 2012 mkaguzi alipanda juu ya mapipa kuyahesabu kama kawaida, akaona mapipa yanayumba. Mengine matupu. Mengine yakifunguliwa ndani ni maji. Wezi walikuwa wameinyonya shira kwa miezi na miezi, tani karibu 3,000, zenye thamani ya zaidi ya dola za Kanada milioni 18, na kwenye mapipa wakarudisha maji. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu kwenye basi. Mgema akisifiwa, nini? Semeni! Tembo hulitia maji. Tena hawa hawakungoja hata kusifiwa.

Sasa mipango. Jumamosi ijayo tunakutana kutoboa, lakini asubuhi hiyo kwanza kila mtu atazame nje. Kama usiku umeganda, tunakwenda. Kama haukuganda, nitapiga simu tusogeze. Drili ninayo, mirija imenunuliwa, tunahitaji ndoo zenye mifuniko na kuni kavu. Kuchemsha itakuwa Jumapili, uani kwa aliyejitolea, na itachukua kutwa, kwa hiyo mama zangu naomba mtufikirie kwa upande wa chai na maandazi. Watoto waje na viatu vya matope. Anayetaka kupeleka nyumbani aje na chupa yake ya kioo yenye kifuniko kinachokaza, chupa za plastiki za soda zitajikunja kwa moto.

Mzee wangu hapo mbele umeinua mkono muda mrefu. Karibu, uliza.